Betri Zilizoanikwa Dirishani

Mtaani walimwita Bibi Usitupe, maana kwake hata kamba iliyokatika ilikuwa na kazi. Betri zilizokwisha alizianika dirishani, akazigeuzageuza kama mtu anayekausha samaki. Tochi ikiwaka kidogo baada ya hapo, alimtazama mkwewe kwa maringo. Mkwewe, fundi cherehani, aliendelea kushona. Nani agombane na mama wa mumewe kwa ajili ya betri?

Asubuhi moja Bibi alizitazama zile ndogo za duara, za saa na mizani. Jana zilikuwa nne. Leo tatu. Chini ya dirisha alikaa mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, akidondokwa mate. Alikuwa amekataa chakula.

Bibi akapapasa chini ya mkeka. Akatikisa mito. Hakuna. Shetani akamnong'oneza: nyamaza, itatoka na choo, nani atajua? Mtoto akakohoa, na Bibi akambeba mbio hadi kwa mkwewe.

"Mwanangu, acha cherehani," alisema. "Mtoto kameza betri. Ni yangu mimi."

Mkwewe aliacha kitambaa kwenye sindano, akamnyakua mtoto. Bibi akaingiza kidole kinywani mwa mtoto ili amtapishe. Jirani yao, fundi redio, aliyesikia yote kupitia ukutani, alikuwa ameshafika mlangoni.

"Toa kidole, Bibi. Usimtapishe. Betri ya duara ikikwama kooni inaunguza, hata kama imekwisha. Saa mbili tu zinatosha kumjeruhi. Twendeni hospitali sasa hivi."

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha kiduara cheupe kooni. Mtoto akaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Bibi, aliyezoea kutania hata matangani, alikaa kwenye benchi, asithubutu kumtazama mkwewe. Kila mlango ulipolia, alishtuka.

Daktari alipotoka, alisema betri imetolewa. Koo limebabuka, lakini halikutoboka. Wangengoja mpaka jioni, angekuwa na maneno mengine.

Nyumbani Bibi alitaka kuzitupa betri zote chooni. Fundi redio akamzuia: sumu yake itaingia ardhini, na maji tunayokunywa yanatoka humo humo. Basi nizichome, akasema Bibi. Fundi akacheka kidogo. "Zikilipuka utabaki na nyusi, Bibi?"

Akamwonyesha njia. Ncha za betri huzibwa kwa utepe wa plastiki. Betri huwekwa kwenye chombo kikavu cha plastiki chenye kifuniko, juu, mbali na watoto, jua na moto. Kisha hupelekwa dukani kwake, na kila mwezi gari la kiwanda cha urejelezaji huzichukua, zikatolewe madini ya kutengenezea vitu vipya.

Sasa Bibi hupita nyumba kwa nyumba kuwafundisha wenzake. Akiona betri dirishani, hata salamu husahau.

Lakini siku ile mtoto aliporudi kutoka hospitali, mkwewe alipoza uji. Akamkabidhi Bibi bakuli, kijiko na mtoto, kisha akaketi kwenye cherehani, akiwapa mgongo, bila kugeuka kukagua. Bibi alilisha taratibu hadi bakuli likaisha.