Mstari wa Makatibu

Asubuhi ile ya Jumamosi Raïssa alikuwa katika ukumbi wa kanisa lao, Hounslow, akibandika ukutani orodha iliyomhangaisha wiki tatu: wizara za serikali ya Uingereza na nani anashika nini, kwa Kiswahili. Akina mama wengi wa pale hufanya usafi uwanja wa ndege, na Kiingereza cha ofisini huwapa shida. Juu aliandika mawaziri. Chini kabisa, makatibu.

Mama Célestine alikuwa wa kwanza kuja. Alinakili jina moja la mstari wa juu.

"Barua iko tayari, ilikosa jina tu. Ni ya kumwombea mtoto wangu aliyebaki Goma ruhusa ya kuja huku. Naiposti leo kabla ya zamu. Asante, mwanangu."

Alipotoka, Nathanaël, binamu yake Raïssa, alisogea na pakiti yake ya krispi.

"Katibu wa Mambo ya Nyumbani," akasoma. "Huyu ndiye anaosha vyombo?"

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu. Mwalimu alisema mambo ya polisi na ya wahamiaji yako kwake. Mbona umemweka chini ya watu wote?"

Raïssa alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akatoa simu, akasoma. Kumbe nchi hii anayeitwa katibu ndiye mkuu wa wizara, na wanaoitwa mawaziri humsaidia. Lakini kwake yeye katibu alikuwa Baba Norbert, katibu wa kanisa, anayeandika kumbukumbu za mikutano na kupanga viti.

Akaenda mlangoni, akarudi. Akakaa, akainuka. Akisema, nani atamwamini tena? Asiposema, barua itaangukia meza isiyo yake, na mtoto aendelee kungoja.

Alimkuta Baba Norbert stoo. "Baba, orodha yangu nimeiweka miguu juu," akasema, akamweleza yote.

"Yaani ulidhani makatibu wote ni kama mimi?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akatulia.

"Sikiliza, mwanangu. Kukosea neno si dhambi. Lakini ukiwawekea watu habari, hakiki kabla ya kubandika, na ukigundua kosa, sema upesi, hata uso ukiwaka. Mimi simpigii Mama Célestine. Orodha ni yako."

Raïssa, ambaye huona haya hata kuomba chumvi mezani, akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akaandika: "Mama, ni Raïssa. Usiposti barua. Nilikosea mimi, jina ulilochukua si la mkuu. La mkuu ni hili hapa chini. Nisamehe." Akatuma.

Yeye na Nathanaël wakaing'oa orodha, wakaipanga upya, kila cheo wakikilinganisha na tovuti ya serikali. Adhuhuri ilikuwa ukutani, sahihi. Kila baada ya jina moja Raïssa alikuwa akichungulia simu. Ujumbe ulikuwa umefika. Haukujibiwa, na kama barua ilikuwa imeshapostiwa au la, hakujua.