Tendegu la Nne

Mpingo hauelei. Ndiyo maana mlangoni mwa karakana ile palikuwa na pipa la maji: kila kipande kilitumbukizwa kwanza, na kilichozama ndicho kilichokerezwa, kiwe bakora, mchi au zumari. Kipande cha Jumatano kilielea. Tena kilijigeuza polepole, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia.

Fundi alikitazama kwa chuki. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, kitanda cha harusi kina matendegu matatu tu, mguu wa nne bado, kipande kingine kikavu hakipo, na mpingo mbichi hukauka kwa miaka. Basi akakifungia chuma kwa chini, akakizamisha, ndipo akamwita kaka yake aliyefanya kazi naye.

"Umeona, kaka? Kimezama."

"Mbona maji yananuka?"

"Yananuka kwa sababu huyabadilishi. Tuendelee na kazi."

Mpingo hula misumeno na kuvunja patasi, lakini kile kilikatika kama sabuni. Fundi alijua si kawaida, akaendelea kukereza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliyapaka na nta juu, yakang'aa.

Wiki tatu baada ya harusi, mkewe alirudi kutoka kwa binti yao.

"Baba yake, mtoto amekuwa mwepesi."

"Amekonda?"

"Hajakonda. Mwepesi. Amekaa kwenye godoro, godoro halikubonyea."

Walikwenda mchana huohuo, fundi, mkewe na kaka yake, pamoja na mganga, bibi mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Mume wa binti alikuwa safarini tangu wiki ya harusi, na chumba kilinuka maji yaliyolala. Tendegu la nne lilikuwa limezama kwenye saruji, na ufa umetambaa hadi ukutani, na chini ya kitanda kulisikika kitu kikinyonya, taratibu, kama mtoto mchanga kifuani, kikanyamaza walipozuia pumzi, kikaendelea walipopumua, na binti alikuwa amejifunga shuka kiunoni akalikaza kwenye ubao wa kichwani.

"Mlango ukifunguliwa, upepo unanisogeza," alinong'ona. "Baba, ufunge."

Mganga aligusa tendegu, akafuta kidole haraka. "Kipande hiki kilielea."

"Kilizama," kaka mtu alisema. "Nilikiona kwa macho yangu."

Fundi aliona aibu kuliko alivyoona woga. "Nilikifungia chuma," alisema.

Kaka yake hakumtukana. Alimgeuzia mgongo tu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mti mtupu hutafuta uzito," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Umemnywa mtoto, naye yumo humo nusu. Mkilikata tendegu, mmemkata yeye. Utamtapika ukipewa mwingine atakayelala hapa kwa hiari yake."

"Kwa muda gani?" mama aliuliza.



Fundi alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni. "Mfungueni mwanangu."

Alipojilaza, godoro lilibonyea hadi mbao zikalia. Papo hapo miguu ya binti iligonga sakafu kwa kishindo, naye akalia kwa maumivu ya uzito wa mwili wake mwenyewe. Mama alimkokota nje bila kugeuka nyuma. Kaka mtu alisimama mlangoni, akatamka jina la utotoni la mdogo wake, kisha naye akatoka.

Kunyonya kulianza tena, kukasita. Sauti ikapanda kupitia mto, karibu kabisa na sikio la fundi.

"Huyu mgumu," ilisema. "Hata hivyo, sina haraka."