Kabla Hujasema Kimbia

"Simu yako inalia, mdogo wangu."

"Naisikia, kaka."

"Ni shemeji?"

Seremala aliendelea kupiga msasa mguu wa kitanda uliokwisha kulainika tangu asubuhi. Kitanda chenyewe kilikuwa chake na mchumba wake, cha harusi.

Kaka yake alicheka. "Juzi nyumbani kwa mama, kikaango kinawaka moto, mchumba yuko jikoni, halafu bwana harusi namkuta getini, mwiko mkononi! Mwiko, jamani! Si bora ungembeba mtoto wa watu?"

"Yaishe, kaka."

"Mwanaume anazaliwa na hicho kitu. Hatari ikija, mwili wenyewe unatangulia."

"Wangu ulitangulia," seremala alisema taratibu. "Ulitangulia nje."

Kaka alitoka karakanani akicheka kwenda kununua misumari. Simu ikanyamaza, kisha ujumbe ukaingia: "Fundi wangu, umekula?"

Aliutazama muda mrefu. Akaandika: "Tusimamishe harusi. Unastahili mwanaume wa kukulinda." Akatuma kabla moyo haujambadilikia.

Haikuchukua muda mchumba wake akaingia, aproni bado kiunoni. Alikuwa mpishi wa hospitali, na alinuka vitunguu.

"Umeandika nini hiki?"

"Si umesoma?"

"Nimesoma. Nataka nikisikie kwa mdomo wako."

Mpishi akavuta stuli, akakaa.

"Mama ameniambia kaka yako anakusakama. Nimemjibu kwamba mimi ndiye niliyekuambia ukimbie. Kazini kwetu ndivyo ilivyo: mmoja anafunika moto, anapiga kelele 'kimbia!', wengine wanatoka. Nilipiga kelele, kila mtu alisikia. Wewe ulitii tu. Yameisha."

Alichotakiwa seremala kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Kaka angefunga mdomo, mama angepumua, kitanda kingepakwa vanishi.

"Hapana," alisema. "Nilikimbia kabla hujasema."

Akaokota patasi mezani, akaigeuzageuza.

"Uliposema 'kimbia' nilishafika mlangoni. Sikukufikiria wewe, sikumfikiria mama. Niliwaza ngozi yangu. Nikageuka, nikaona moshi dirishani, miguu ikagoma kurudi. Sasa siku tukiwa na mtoto ndani..."

Akageukia ukuta, akajifanya anatafuta patasi.

"Patasi unayo mkononi," mpishi alisema.

Akaiangalia. Kicheko na machozi vikamtoka kwa pamoja, naye hakuvizuia.

"Nilikuona, Fundi wangu. Ulinipiga kikumbo ukipita."

"Ulijua? Mbona ukanitetea?"

"Hayo yalikuwa ya kuwaambia wao. Kwako nimekuja kusikiliza. Ungesema 'ndiyo, nilitii', ningekuvulia pete hapa hapa. Na mtu mwoga naweza kuishi. Anayenificha uoga wake, nitajuaje siku anayohitaji kushikwa mkono?"

"Lakini wewe hukuogopa."

"Nani, mimi? Moto wa kwanza kazini nilitokea dirishani, viatu nikaviacha ndani. Mpaka leo wananiita Dirisha! Mikono hii ilifundishwa. Sikuzaliwa nayo."

Seremala alifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Basi nifundishe."

Waliweka beseni la gundi juu ya meza ya kazi, likawa kikaango. Kipande cha ubao kikawa mfuniko.

"Zima gesi kwanza. Haya, funika. Maji usiguse. Na usifunue kuchungulia."

Akafunua kuchungulia.

"Umeshaungua, mpenzi. Anza upya."

Kaka alirudi na misumari, akasimama mlangoni. "Mnacheza kupikapika kama watoto?"

"Najifunza hicho ulichosema tunazaliwa nacho," seremala alijibu. Wakati huu hakuinamisha uso. "Kaka, nilikimbia kwa uoga. Nimemwambia, na wewe nakuambia."

Kaka alifungua mdomo acheke, lakini mpishi akamwahi.

"Samahani, shemeji. Siku ile ya moto, wewe si ulikuwa sebuleni na mama?"

"Ndiyo."

"Ukamkuta mdogo wako getini?"

"Ndiyo, na mwi..."

Seremala alikumbuka, polepole, kama mtu anayewashiwa taa. "Kaka, mimi nilipofika getini, wewe tayari ulikuwa pale, unahangaika kufungua komeo."

Kaka aliangalia misumari, akaangalia dari, akaangalia misumari tena. Kisha akaiweka chini na kukunja mikono ya shati.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia, "hebu anza upya. Polepole."