Karafuu Mbili za Mfalme wa Siku Arobaini

Chombo cha kutemea kilikuwa na mate mekundu, tena bado ya moto. Pich, mjakazi wa chumba cha mfalme, alikitazama, moyo ukampasuka. Mfalme mpya hakula tambuu, meno yalishamwisha. Aliyeila ni mpwa wake, kijana aliyekalia kiti cha ufalme cha Longvek siku arobaini tu, mpaka mjomba huyu alipokuja na tembo na mikuki akamwua ngazini.

Pich ndiye aliyemnyonyesha kijana huyo. Hakuwa na mtoto mwingine, wala mtu yeyote duniani. Tangu mauaji, kila alfajiri alimkunjia tambuu yake: popoo, chokaa, karafuu mbili. Pich mwenyewe hakuila kamwe. Aliiweka dirishani, akidhani ndege ndio wanaoichukua.

Siku ya saba mfalme aliamka na alama nyekundu za vidole shingoni. Akaletwa mganga Duong. Akanusa pembe za chumba, akanusa wajakazi, akasimama mbele ya Pich.

"Karafuu," akanong'ona. "Unamlisha nani, dada?"

"Simlishi mtu."

"Mtu siyo, hilo najua. Asipotoka leo, mfalme atawachinja wasichana hawa wote. Wewe umemkaribisha, wewe utamfungia mlango."

Pich akalia waziwazi. Aende wapi mtoto wake? Watawa hawakumsomea, maiti haikuchomwa. Lakini wasichana walikuwa wakimtazama. Akakubali.

Mchana kweupe Duong akazungusha uzi mweupe chumba kizima, akamfunga kila mtu uzi mkononi ili roho yake isiingiliwe, na Pich akashika ncha ya mwisho mlangoni, na alipokuwa akipiga fundo harufu ya karafuu ikampitia usoni, hatua zikashuka ngazi moja moja, zikasita, na sauti ile aliyoifundisha kusema ikauliza kutoka nje, taratibu, "Mama, umenifungia? Nilale wapi?"

Akakaza fundo. Kisha akatoka, akaketi peke yake ngazini, akafungua uzi wa mkono wake.

Asubuhi chombo kilikuwa kikavu. Wasichana walicheka. Mfalme akamwita Pich.

"Amekwenda?"

Pich akaitikia kwa kichwa, midomo kaifumba. Chini ya ulimi alihisi karafuu mbili, na mate ya moto yakimjaa.

"Sema kwa mdomo, bibi."

Hakuogopa tena, maana hakuwa peke yake. Akaufungua mdomo.