Kila Mtu Alidhani Mwingine Anamwangalia

Kila Jumapili baada ya misa, ukoo wa Olvera ulikusanyika kwa mjomba Chuy, mjini Phoenix. Mwezi wa saba jua la huko huchoma hata vitasa vya milango. Watoto walishinda bwawani nyuma ya nyumba, mjomba akichoma nyama, naye bibi Socorro akipika chapati za mahindi.

Jumapili hiyo watoto waliitwa ndani kula. Yaretzi, msichana wa miaka kumi na miwili, aligawa sahani. Mjomba alikuwa ameegemeza kiti kwenye lango la uzio wa bwawa lisijifunge, maana alipita hapo mara kwa mara na sinia za nyama.

Mama yake Yaretzi ndiye aliyeuliza, "Itzel yuko wapi?"

Itzel, mdogo wake Yaretzi, alikuwa na miaka mitatu. Mama alidhani yuko na bibi. Bibi alidhani yuko na mama. Mjomba alidhani amelala. Wakamtafuta chini ya vitanda, kabatini na bafuni, wakimwita kwa upole kwanza, kisha kwa hofu.

Yaretzi alikuwa akichungulia nyuma ya mashine ya kufulia alipokumbuka lango lililoachwa wazi. Akakimbia nje. Maji yalikuwa yametulia, na chini yake aliona gauni la njano.

Ukelele wake uliwatoa wote. Mjomba alijitosa na viatu vyake, akamtoa mtoto. Midomo ilikuwa ya buluu. Hakuwa akipumua. Bibi alimshika miguu ili amning'inize kichwa chini, maji yamtoke.

Yaretzi alikuwa ameshapiga namba ya dharura na kuweka sauti juu. Mwanamke wa upande wa pili akasema kwa utulivu, "Msimning'inize. Mlazeni chali chini. Inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni mdomoni mpaka kifua kiinuke. Halafu mkandamizeni katikati ya kifua, haraka na kwa nguvu."

Mama alikuwa akilia tu, akimwita Itzel. Basi Yaretzi akapuliza, mjomba akakandamiza. Wakapuliza, wakakandamiza, tena na tena. Mama alipiga magoti akiomba. Itzel hakutikisika. Yaretzi alihisi anapuliza ndani ya mdoli.

Mjomba akaanza kulia. "Dada, ameshatuacha."

"Usiache, kaka," ilisema simu. "Wako njiani. Endelea."

Yaretzi akapuliza tena, machozi yakimdondokea mdogo wake usoni. Itzel akakohoa, akatapika maji. Mwanamke wa simuni akawaambia wamlaze ubavu. Kisha mtoto akatoa kilio chembamba, na mama akaanguka kifudifudi juu ya sakafu ya moto.

Gari la wagonjwa lilipofika, mama alitaka kubaki na mwanawe nyumbani, kwa kuwa sasa analia. Wahudumu walikataa. Walieleza kwamba mtoto aliyezama anaweza kuonekana mzima, kisha mapafu yakamsaliti baadaye. Hospitalini Itzel aliwekewa hewa puani, na familia ikakaa kwenye viti bila kutazamana.

Kesho yake daktari Begay, mwanamke wa makamo, alikuja akasema mapafu yanapona na mtoto anawatambua watu wake.

"Ni mimi niliyeliacha wazi lango," mjomba alisema.

"Na mimi sikumuuliza mtu," mama akajibu.

Daktari aliketi karibu nao. "Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapigi maji kwa mikono. Anapotea kimya, watu wakiwa hatua chache tu. Lango lifungwe kila mara. Mtoto akikosekana, tazameni majini kwanza, vitandani baadaye. Na wakati wa kuogelea, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina, asishike simu wala nyama, mpaka mwenzake aseme: sasa ni zamu yangu."

Akamgeukia Yaretzi. "Mlikuwa wengi pale, mwanangu, na wote mnampenda. Lakini mtoto wa kuangaliwa na wote haangaliwi na yeyote."