Nyumba ya Wanyamavu

Nilikuwa nimetoka kununua uzi tu. Jua lilikuwa linazama, cherehani inanisubiri nyumbani, simu ikalia. Alikuwa yule mtangazaji wa podikasti, mwanadada anayesimulia habari za mauaji na watu waliopotea.

"Dada, nimepata ufunguo wa ile nyumba. Njoo sasa hivi, giza lisitukute."

Nikaenda, uzi mkononi. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nazama tangu mdogo wangu alipojiunga na kundi la Wanyamavu. Kiongozi wao, waliyemwita Mzee Kimya, aliwafundisha kwamba sauti ni mzigo. Anayetaka amani amkabidhi yeye sauti yake. Mdogo wangu, aliyekuwa akipiga soga hata na kuku, akaacha kusema. Kisha kundi zima likatoweka. Polisi walipovunja nyumba yao walikuta vyumba vitupu, milango imefungwa kwa ndani.

Tukaingia. Sebule haikuwa na hata kiti. Ilinuka udongo uliolowa, ilhali sakafu ni saruji kavu.

Mtangazaji akasimamisha maikrofoni katikati, akavaa hedifoni, akanivika na mimi nyingine.

"Ongea naye kama yupo," akaninong'oneza. "Labda kuna msikilizaji aliyemwona."

"Mdogo wangu," nikaanza, "mama hali, halali. Rudi nyumbani..."

Kwenye hedifoni, mtu akavuta pumzi.

Nikamtazama mtangazaji. Macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Dada..."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu! Nikavua hedifoni. Chumba kimya. Nikavaa tena.

"Dada, nyamazeni. Atawasikia."

"Uko wapi? Niambie, nitakufuata hata kuzimu!"

"Dada, nakuomba..."

Zikaja nyayo. Taratibu. Kwenye hedifoni tu.

Mtangazaji hakujizuia, kazi ilikuwa imemwingia damuni. "Wewe ni nani?" akauliza, kwa ile sauti yake laini inayopendwa na watu.

Nyayo zikasimama.

"Sauti nzuri..." akanong'ona mwanamume.

Mtangazaji akajishika koo. Akapanua mdomo kupiga kelele.

Hakikutoka kitu.

Nilimburuta mpaka barabarani. Madaktari walimpima, wakasema koo ni zima, labda mshtuko. Mpaka leo hajatamka neno. Lakini podikasti yake haijakoma. Vipindi vipya vinatoka, kwa sauti yake ileile, na yeye analia huku akitikisa kichwa kwamba si yeye. Na ukitega sikio vizuri, nyuma ya maneno yake kuna mtu anacheka chinichini.

Ni mdogo wangu. Kicheko kile nimekilea mwenyewe.

Nilitaka kumficha mama. Dunia haina siri; jirani akamfungulia kipindi kwenye simu. Mama akasikia kicheko, akapiga magoti.

"Mwanangu yu hai! Nipeleke."

Nikakataa. Nikamsimulia yote yaliyompata mtangazaji, nikidhani ataogopa.

"Sauti yangu ya nini," akaniuliza polepole, "kama ninayemwita haitiki?"

Asubuhi ya leo kitanda chake kilikuwa kitupu. Nikakimbilia nje, nikazunguka mtaa mzima nikimwita kama kichaa. Niliporudi, nikamkuta jikoni, ameketi, viatu bado miguuni.

"Mama! Ulikuwa wapi?"

Akageuka. Akatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu msiba huu uingie kwetu. Akanishika mkono, akanivuta karibu, midomo ikaanza kucheza haraka haraka, kama mtu mwenye habari njema.

Sikusikia neno.