Debe la Punje za Plastiki

Asubuhi ya Lushoto ina baridi. Kabla ya kazi, Klara aliwasha jiko ili kila anayeingia karakanani anywe chai ya moto. Mumewe, Rubeni, aliwasha mashine. Aliinunua Tanga ikiwa kuukuu, miaka ile viwanda vya umma vilipokuwa vikifungwa na kuuzwa. Ilitengeneza vikombe vya plastiki.

Ramadhani, mfanyakazi wao, ndiye aliyemimina punje za plastiki mashineni. Alizipima kwa debe, kama watu wanavyopima maharage sokoni. Vikombe vilipotoka, Klara alikata masalia ya pembeni.

"Shemeji, leo umevaa shati la Idi," Klara alimtania. "Unaoa tena?"

"Taratibu! Hadija akisikia, nitalala nje."

Mwaka huo punje zilipanda bei. Rubeni akaanza kusaga masalia na vikombe vibovu, akavichanganya na punje mpya. Halikuwa jambo baya. Lakini vikombe vilipungua.

"Madebe ni yale yale," Rubeni alisema. "Punje zinakwenda wapi?"

"Sijui, kaka," Ramadhani alijibu. "Hata mimi nashangaa."

"Unashangaa nini? Ufunguo wa stoo unao wewe."

"Nipekue, kaka. Njoo hata nyumbani, upekue."

Rubeni hakupekua. Alinyoosha mkono apewe ufunguo, mbele ya wateja. Klara alimfungia Ramadhani mkate. Ramadhani aliupokea kwa mikono miwili, akaondoka. Alirudi kijijini kwake Mponde kuchuma chai na mkewe.

Ramadhani hayupo, na vikombe bado vinapungua. Rubeni akakosa usingizi.

Jirani yao, dada Eliaichi, alikuwa mtunza stoo kiwandani Tanga kabla ya kupunguzwa kazini. Klara alimwita.

"Mnapima kwa kutumia nini?" Eliaichi aliuliza.

"Kwa debe."

"Debe la nini?"

"Debe ni debe, dada," Rubeni alijibu.

"Haya. Jaza moja punje mpya, na moja zilizosagwa."

Waliazima mizani kwa muuza viazi. Debe la punje mpya lilikuwa kilo kumi na moja. Debe la zilizosagwa lilikuwa kilo saba. Rubeni alipima tena. Ikawa vile vile.

"Vipande vilivyosagwa havibanani, vina nafasi katikati," Eliaichi alieleza kwa upole. "Debe la mahindi na debe la pumba, ni sawa? Basi pimeni kwa kilo. Asubuhi pimeni kinachoingia mashineni, kipya mbali, kilichosagwa mbali. Jioni pimeni vikombe vizima, vibovu, masalia, hata mlichofagia sakafuni. Jumlisheni. Jumla ikikaribiana na ya asubuhi, hakuna kilichopotea. Isipokaribiana, tafuteni wote pamoja. Andikeni ukutani, kila mtu aone. Na kila Jumamosi pimeni kilichobaki stoo, mnunue kabla hakijaisha."

"Kwa hiyo Ramadhani..." Klara alianza. Eliaichi alimshika bega.

Walifanya hivyo wiki nzima. Kila jioni hesabu ilikubali. Waliona stoo inakaribia kuisha, wakanunua punje mapema, na mashine haikusimama. Lakini karakanani hakuna aliyetania mtu.

Jumapili, baada ya ibada, Rubeni na Klara walikwenda Mponde kumwomba Ramadhani radhi. Walikuta watu wamekaa uani. Hadija, mke wa Ramadhani, alifuta benchi kwa kanga yake ili waketi.

"Mmechelewa, shemeji," alisema. "Tumemzika Ijumaa. Homa ya mapafu."

Klara alilia. Hadija ndiye aliyemletea maji.

"Hakuumwa muda mrefu," Hadija alisema. "Ila jina lile la mwizi lilimuuma. Huku lilifika kabla yake. Mariamu wetu, shuleni wanamwita mtoto wa mwizi."

Rubeni alisimama mbele ya wachumaji wa chai waliokuja kuhani.

"Ramadhani hakuniibia hata punje moja," alisema. "Mimi nilipima vibaya. Nilimfanya mwizi kabla ya kupima."

Watu waliinamisha vichwa. Mzee mmoja alisema, "Mungu amrehemu."

Hadija alijifuta macho.

"Ngoja, shemeji," alisema. "Mariamu yuko jikoni, hajasikia."

Akamwita. Mtoto akaja, mikono ina povu la sabuni, akasimama mbele ya Rubeni.

Rubeni akayasema tena maneno yale yale.